Kunakili, Kuiga, Kunukuu na Kuiba: Uhakiki wa Hukumu za Mashine juu ya Kazi za Watunzi

Kazi ya uhakiki haiwezekani bila kunukuu. Anayesema kuwa shairi ni zuri hana budi kuonyesha mshororo uliompendeza, na anayesema kuwa lina kasoro hana budi kuonyesha kasoro hiyo ilipo. Msomaji hakubali kwa kiapo cha mhakiki. Hukubali kwa ushahidi unaowekwa mbele yake. Jambo hili ni la zamani, na kwa muda mrefu halikuhitaji kutetewa, kwa sababu aliyenukuu katika kitabu au gazeti alisomwa na watu, na watu walijua tofauti baina ya anayemtaja mwenziwe na anayemwibia. Siku hizi sehemu kubwa ya mafundisho, mijadala na kumbukumbu za sanaa imehamia katika intaneti, na huko msomaji wa kwanza wa kila kazi si mtu, bali ni mashine. Makala haya yanakusudia kuipima mashine hiyo kama tunavyompima msomaji mwingine yeyote: inasoma nini, inaelewa nini, na hukumu zake zina thamani gani.

Yamkini mtu atauliza kwa nini wanaoshughulika na lugha na fasihi waingilie jambo la mafundi na mawakili. Jibu ni kwamba mafundi na mawakili wameingilia jambo letu. Kuamua kama maneno haya yametoka katika maneno yale, kama tuni hii ni ile ile au ni nyingine, kama mtunzi amefuata desturi au amepora, ni kazi ambayo wanazuoni wa fasihi wameifanya tangu zamani. Sasa kazi hiyo inafanywa mamilioni ya mara kila siku na chombo ambacho hakikufundishwa fasihi, na hukumu zake hutekelezwa kabla ya mtu yeyote kuzisoma.

Kabla ya kulaumu, yatupasa kuwa wenye insafu. Haki ya mtunzi juu ya kazi yake ni haki ya kweli. Mtu aliyekesha akitunga, akalipa wapigaji na studio, kisha akaona wimbo wake unauzwa na mwingine, amedhulumiwa sawa na mkulima aliyevuniwa shamba usiku. Mataifa yalikubaliana juu ya jambo hili katika Mkataba wa Berne wa mwaka 1886. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Tanzania ina sheria yake ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Watunzi wetu wengi walikufa maskini huku nyimbo zao zikichezwa kila harusi. Kwa hiyo mwandishi wa makala haya hatetei wizi, wala hasemi kuwa kazi za sanaa ni mali ya ovyo. Anachouliza ni kama mlinzi aliyewekwa mlangoni anamjua mwizi kwa sura.

Asili ya mlinzi huyo ni fupi kusimulia. Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria ya hakimiliki ya zama za kompyuta, iliyosema kuwa mwenye jukwaa la intaneti hatashtakiwa kwa makosa ya wageni wake, mradi aondoe upesi kitu kinacholalamikiwa anapopewa taarifa, na mradi awe na utaratibu wa kuwafukuza wanaorudia makosa. YouTube ilianzishwa mwaka 2005, ikanunuliwa na Google mwaka 2006, na mwezi Machi 2007 kampuni ya Viacom iliishtaki ikidai dola bilioni 1. Kesi hiyo ilikwenda mahakamani na kurudi, ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2014. Lakini mwaka ule ule wa 2007 YouTube ilikuwa imekwisha kuanzisha mtambo uitwao Content ID, ili kufanya zaidi ya yale yaliyotakiwa na sheria. Sheria ilitaka taarifa itoke kwa mtu. Mtambo ulifanya taarifa hiyo isihitajike tena.

Unavyofanya kazi ni hivi. Mwenye haki, akiwa ni kampuni au shirika lenye kazi nyingi zilizokubaliwa na YouTube, hukabidhi nakala ya kila wimbo au filamu yake. Mtambo huchukua alama za nakala hiyo, mfano wa alama za vidole, na kuziweka ghalani. Kila video inayopelekwa na mtu yeyote hulinganishwa na alama zilizomo ghalani. Mfanano ukionekana, dai hutolewa papo hapo, na mwenye haki huwa amekwisha kuchagua moja kati ya mambo matatu: kuifunga video isitazamwe, kuiacha na kuchukua fedha za matangazo yake, au kuiacha na kufuatilia tu watazamaji wake. Mtunzi mdogo asiye na kampuni hana ruhusa ya kuutumia mtambo huu kwa jina lake mwenyewe. Yeye hubaki na njia ya kuandika malalamiko kwa mkono. Basi hata kabla ya kuzungumzia makosa, tunaona kwamba mlinzi huyu halindi kila mlango.

Wingi wa hukumu zake ni wa kustaajabisha. Katika ripoti ya kwanza ya uwazi iliyotolewa na YouTube yenyewe mwezi Desemba 2021, ilielezwa kuwa katika nusu ya kwanza ya mwaka huo Content ID ilitoa madai zaidi ya milioni 722, na kwamba zaidi ya 99 katika kila 100 ya madai hayo yalitolewa na mtambo wenyewe bila mkono wa mtu. Hakuna mahakama, wala baraza la wahakiki, wala jopo la walimu, lililopata kutoa hukumu milioni 722 juu ya kazi za sanaa katika miezi sita.

Sasa tuje kwenye kiini cha uhakiki huu, ambacho ni jambo la lugha. Kiswahili kina vitenzi vinne vinavyohusu jambo hili, na kila kimoja kina maana yake. Kunakili ni kuandika upya kilichokwisha kuandikwa, kisipungue wala kisizidi. Ni kazi ya waandishi waliotuhifadhia tenzi zetu. Kuiga ni kufuata mwendo wa mwingine kwa kutumia nguvu zako. Mwanafunzi wa ushairi huiga bahari na vina vya mwalimu wake, na hakuna anayemshtaki. Kunukuu ni kuleta maneno ya mwingine katika maneno yako, ukimtaja mwenyewe, ili uyathibitishe, uyaeleze au uyapinge. Kuiba ni kuchukua cha mwenzio na kukifanya chako huku ukimnyima jina na faida. Ukivitazama vitenzi hivi utaona kwamba vyote vinne vinaweza kuzaa kitu kimoja mbele ya jicho na sikio: maneno yale yale, sauti ile ile. Kinachovitenganisha hakimo katika sauti. Kimo katika nia ya mtendaji, katika kukiri kwake, katika kiasi alichochukua na katika kazi aliyokifanyia kile alichochukua.

Mashine haina hata kimoja cha vitenzi hivi vinne. Ina kitenzi cha tano, nacho ni kufanana. Imepewa kazi ya kujua kama sauti hii inafanana na sauti ile, na kazi hiyo inaifanya kwa ustadi mkubwa sana, pengine kupita sikio la mwanamuziki hodari. Lakini kufanana si tendo la mtu. Mapacha hufanana na hawakuibiana sura. Kosa, basi, halimo katika udhaifu wa mtambo, na hili ndilo ambalo wengi hawalitambui wanaposema kuwa mtambo utaboreshwa. Hata ukiboreshwa mara elfu, utajua kufanana vizuri zaidi, hautajua kunukuu. Kosa limo katika kuichukua hukumu ya kufanana na kuitekeleza kama kwamba ni hukumu ya kuiba.

Mifano ipo, nayo ni ya kumbukumbu za watu wote. Mwezi Septemba 2018 mpiga piano wa Uingereza, James Rhodes, alijirekodi nyumbani kwake akipiga kipande cha Johann Sebastian Bach, akakiweka katika Facebook. Dai lilitolewa kuwa sekunde 47 za sauti hiyo ni mali ya Sony Music. Bach alifariki mwaka 1750, na vidole vilivyopiga vilikuwa vya Rhodes mwenyewe. Mtambo haukukosea juu ya kufanana: noti zilikuwa zile zile, kwa kuwa ndivyo Bach alivyoziandika, na kila anayezipiga sawasawa hufanana na kila aliyezipiga sawasawa kabla yake. Hapa tunaona ajabu ya pekee: kadiri mpigaji anavyomtii mtunzi wa kale, ndivyo anavyozidi kuonekana mwizi wa kampuni ya leo. Rhodes alipinga, pingamizi lake likakataliwa kwanza, na dai likaondolewa baada ya watu wengi kupiga kelele.

Mwaka huo huo Ulrich Kaiser, profesa wa nadharia ya muziki katika Ujerumani, alieleza yaliyompata alipokuwa akiweka katika YouTube rekodi za kale za Beethoven, Schubert na wengineo, ambazo muda wake wa haki ulikuwa umekwisha kwa sheria ya nchi yake, ili wanafunzi wazitumie bure. Hata video yake ya kwanza, aliyosimama mwenyewe akieleza kazi hiyo huku muziki ukisikika nyuma yake, ilidaiwa muda mfupi tu baada ya kuwekwa. Mwanamuziki wa Australia, Sebastian Tomczak, alikuwa ameweka mwaka 2015 video ya saa 10 yenye mvumo mtupu, mfano wa redio iliyokosa stesheni. Kufikia Januari 2018 madai matano yalikuwa yametolewa juu ya mvumo huo. Mwaka 2012 mtu mmoja aliyejipiga picha akichuma mboga za mwituni alidaiwa kwa ajili ya sauti za ndege waliokuwa wakilia mitini. Alipopinga, kampuni iliyodai ilithibitisha dai lake kwanza, kisha ikakiri kuwa ni kosa. Mwezi Agosti mwaka huo, chombo cha Marekani kilipotua katika sayari ya Mirihi, video ya NASA yenyewe iliondolewa kwa dai la shirika la habari lililokuwa limeitumia picha hiyo hiyo katika taarifa zake. Na mwezi Septemba, katika sherehe ya tuzo za Hugo mjini Chicago, matangazo ya moja kwa moja yaliyokuwa yakionyeshwa na Ustream yalikatwa wakati Neil Gaiman alipokuwa akitoa shukrani zake, kwa sababu vipande vya filamu vilikuwa vimeonyeshwa kabla yake, ijapokuwa vilionyeshwa kwa ruhusa.

Msomaji asidhani kwamba nimekusanya mifano hii ili kuchekesha. Kila mmoja wao unaonyesha kitu kimoja kisichojulikana na mashine. Kwa Rhodes haikujua tofauti baina ya utunzi na upigaji. Kwa Kaiser haikujua wakati, yaani kwamba haki huzaliwa na hufa. Kwa Tomczak na mchuma mboga haikujua kuwa kuna sauti zisizo na mtunzi. Kwa NASA haikujua nani alitangulia na nani alifuata. Kwa Gaiman haikujua ruhusa. Utunzi, wakati, asili, utangulizi na ruhusa: hayo matano ndiyo maswali ambayo mhakiki wa maandishi ya kale huanza nayo kabla hajafungua kinywa kusema kuwa kazi hii imetoka katika kazi ile. Kwetu anayetoa hukumu bila kuyauliza huitwa mjinga wa fani, hata akiwa na sikio zuri namna gani.

Tutazame sasa jambo hili katika mapokeo yetu wenyewe, maana humo ndimo hatari inamotugusa zaidi. Ushairi wa Kiswahili haukujengwa juu ya fikira kwamba kila kazi ni kisiwa. Katika takhmisa mshairi huchukua beti za mwenziwe aliyemtangulia, akaziacha kama zilivyo, na kuziongezea mishororo yake mpaka kila ubeti uwe na mishororo mitano. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyozifanyia beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Maneno ya Liyongo yamo ndani ya takhmisa hiyo, tena wazi, na hakuna msomaji aliyepata kusema kuwa Sayyid Abdallah aliiba. Wote walifahamu kuwa kumtakhmisi mshairi ni kumheshimu. Katika malumbano pia, ambamo Muyaka bin Haji wa Mombasa alishindana na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, mjibuji huyarudia maneno ya mshindani wake ili ayapindue. Ukimkataza kuyarudia, umemkataza kujibu. Na tungo za Muyaka zenyewe tunazo leo kwa sababu watu kama Mwalimu Sikujua walizikusanya kutoka vinywani mwa wengine. Walinakili kazi isiyokuwa yao, na kwa kufanya hivyo wakaiokoa.

Taarabu hutupa mfano wa namna nyingine, tena mgumu zaidi. Watunzi wa Unguja walisikiliza muziki wa Misri, na wa Mombasa walisikiliza nyimbo za filamu za Kihindi. Marehemu Juma Bhalo alipata sifa kubwa kwa mashairi ya Kiswahili aliyoyaimba kwa tuni za Kihindi. Hapa siwezi kusema kwa wepesi kuwa hakukuwa na jambo la kuuliza. Tuni ilikuwa na mtunzi wake, na pengine mtunzi huyo alistahili jina lake litajwe, hata alipwe. Lakini yeyote anayezijua nyimbo hizo anajua kuwa kilichowakusanya watu kumsikiliza Bhalo ni maneno, mafumbo na sauti yake, na kwamba tuni ilikuwa chombo kilichobeba shehena nyingine kabisa. Kuamua ni kiasi gani cha wimbo kama huo ni cha Bombay na kiasi gani ni cha Mombasa ni kazi ya mizani. Wanazuoni wawili wenye nia njema wanaweza kubishana juu yake mwaka mzima. Mashine itaamua katika kufumba na kufumbua, na uamuzi wake utakuwa kwamba wimbo wote ni wa yule aliyewahi kuandikisha tuni.

Neno hili, aliyewahi kuandikisha, ndilo linalonipa hofu. Mtambo haumuulizi anayekabidhi nakala alikopata haki hiyo kwa njia ambayo mwanahistoria angeuliza. Katika jimbo la Arizona, Marekani, watu wawili walishtakiwa mwaka 2021 kwa kudai kuwa wana haki juu ya nyimbo zaidi ya 50,000 zisizokuwa zao, nyingi za wanamuziki wa Amerika ya Kilatini, na kwa kukusanya zaidi ya dola milioni 20 kwa njia hiyo kwa muda wa miaka kadha. Wote wawili walikiri makosa. Tazama jinsi mambo yalivyopinduka: chombo kilichowekwa ili kumzuia mwizi kilikuwa ndicho jembe la mwizi, na watunzi halisi ndio waliopokonywa. Sasa chukua ngoma ya harusi isiyo na mtunzi ajulikanaye, au wimbo wa kubembeleza mtoto unaoimbwa pwani yote. Msanii mmoja akiirekodi na kampuni yake ikaikabidhi rekodi hiyo kwa mtambo, kila mwalimu na kila mtafiti atakayeweka wimbo huo kutoka kijiji kingine anaweza kukuta anadaiwa. Kazi ya wote itakuwa imepata mwenyewe bila kuuzwa na yeyote. Mapokeo yaliyohifadhiwa kwa vinywa hayana hati ya kuonyesha mlangoni. Na mashine haisadiki ila hati.

Watetezi wa mtambo wana hoja mbili, na zote mbili zinastahili kujibiwa kwa adabu. Hoja ya kwanza ni kwamba makosa ni machache. Wanaonyesha kuwa katika ripoti ile ya 2021 chini ya dai 1 katika kila 100 lilipingwa. Lakini ripoti hiyo hiyo inasema kuwa katika madai yaliyopingwa, yapata 60 katika kila 100 yaliamuliwa kwa faida ya aliyepinga, na idadi yake ilikuwa madai yapata milioni 2.2. Sitaki kuitumia hesabu hii kupita kiasi. Wanaopinga ni wale wanaojiamini, kwa hiyo haiwezekani kusema kuwa 60 katika 100 ya madai yote ni makosa. Walakini kwa sababu iyo hiyo haiwezekani kusema kuwa wote walionyamaza waliridhika. Mtu hunyamaza kwa kuwa hajui lugha ya fomu, au hana muda, au anaogopa. Na anayo sababu ya kuogopa, kwa kuwa utaratibu wa kupinga ni huu: pingamizi hupelekwa kwanza kwa yule yule aliyedai, naye ana siku 30 za kujibu. Akilikataa, mpingaji anaweza kukata rufani. Na mdai akishikilia dai lake, anaweza kuleta ombi la kisheria la kuondolewa video, ambalo humpatia mpingaji onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga akaunti yake yote, pamoja na kazi zake zote zisizokuwa na ugomvi. Mdai ni hakimu wa kwanza katika kesi yake mwenyewe, na anayetafuta haki ya video moja huhatarisha mia. Kimya katika baraza la namna hiyo si ushahidi wa kuridhika.

Hoja ya pili ni kwamba wingi wa video haumruhusu binadamu kuzisoma zote, na kwa hiyo ama mashine ihukumu ama wizi uachwe. Nakubali nusu ya kwanza. Hakuna kundi la wasomaji linaloweza kusikiliza kila kitu. Lakini kushindwa kusoma si idhini ya kuhukumu. Mkutubi asiyeweza kusoma vitabu vyote vya maktaba yake hapewi ruhusa ya kuchoma vile vinavyofanana majalada. Mashine na iendelee kuonyesha mfanano, maana hiyo ni huduma njema, na mtunzi anastahili kujua kazi yake inatumiwa wapi. Lakini kutoka katika kuonyesha mpaka kufunga kuna hatua moja, na hatua hiyo yapasa ipitiwe na mtu.

Nayo sheria, inapozungumza kwa kinywa chake, haisemi kinyume cha haya. Mkataba wa Berne, katika kifungu cha 10, unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa watu, mradi iwe kwa mwendo mwema na kwa kiasi kinachohitajiwa, na mradi mtunzi na asili vitajwe. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1994, katika kesi ya kundi la 2 Live Crew, ilitambua kwamba wimbo unaomfanyia dhihaka wimbo mwingine waweza kuwa matumizi ya haki, hata ukiuzwa kwa faida. Mama mmoja, Stephanie Lenz, aliweka mwaka 2007 video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza kwa wimbo wa Prince. Ilipoondolewa alikwenda mahakamani, na mwaka 2015 mahakama ya rufani iliamua kuwa mwenye haki lazima afikirie kwanza kama matumizi hayo ni ya haki kabla ya kutaka yaondolewe. Umoja wa Ulaya ulipotoa agizo lake la mwaka 2019, ambalo katika kifungu cha 17 linayabebesha majukwaa dhima, uliandika humo humo kuwa kunukuu, kuhakiki na kudhihaki hakuna budi kubaki huru. Na Poland ilipolipinga agizo hilo, Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilikataa pingamizi mwezi Aprili 2022, lakini ikasema kwamba mtambo usioweza kutofautisha vya kutosha kilicho halali na kisicho halali hautapatana na uhuru wa watu wa kusema na kupashana habari. Tazama basi: mahakimu wanataka tofauti ambayo mashine haina neno la kuitaja.

Madhara hayaishii katika sanaa. Mwaka 2022 askari mmoja katika mji wa Santa Ana, California, alipiga nyimbo za Disney kwa sauti kubwa usiku alipokuwa akipigwa picha kazini, na alipoulizwa sababu akataja hakimiliki. Alikuwa amefahamu kuwa wimbo ukiingia katika video, mashine itamsaidia kuiondoa. Wimbo wa watoto ukawa pazia. Chombo kisichojua nia hutumiwa na kila mwenye nia.

Je, sisi tufanye nini? Mambo matatu naona yamo katika uwezo wetu. La kwanza ni la istilahi, na ni letu hasa. Katika matangazo ya majukwaa na katika magazeti yetu neno dai na neno kosa hutumiwa kama kwamba ni kitu kimoja. Mtu huambiwa amevunja hakimiliki kumbe amedaiwa tu. Yafaa tushikilie kuwa kilichoonekana na mtambo kiitwe mfanano, kilichotolewa na mwenye haki kiitwe dai, na neno kosa lingoje hukumu ya mtu aliyesikiliza pande zote mbili. Lugha isiyotofautisha haya matatu imekwisha kuhukumu kabla ya hakimu kuketi. La pili ni kuhifadhi. Taasisi za utafiti zisiyafanye majukwaa hayo kuwa maktaba zao. Rekodi za washairi, za ngoma na za mihadhara ziwekwe kwanza katika hifadhi zetu, pamoja na tarehe, mahali na jina la aliyeimba, na kinachopelekwa katika intaneti kiwe nakala. Hivyo siku mtu atakapodai ngoma ya kijiji, ushahidi wa kale utakuwapo. La tatu ni kupinga. Msomi aliyedaiwa bila haki asifute video yake kwa kuona haya. Apinge, ataje kazi aliyoinukuu, mtunzi wake, kiasi alichochukua na sababu ya kukichukua. Hata akishindwa, atakuwa ameweka maelezo mahali ambapo mashine iliweka kimya.

Wala tusidai zaidi ya haki. Yapo mambo ambayo majukwaa yameyarekebisha. Tangu mwaka 2016 YouTube ilikubali kuzishika kando fedha za video inayogombaniwa mpaka ugomvi uishe, badala ya kumpa mdai moja kwa moja. Hilo ni jema, na linaonyesha kuwa utaratibu uliofanywa na watu waweza kutengenezwa na watu. Linalobaki ni kuusogeza mbele: asihukumiwe mtu kwa mfanano peke yake, na anayedai uongo mara kwa mara apewe naye maonyo yake.

Nimesema mwanzoni kwamba mhakiki hawezi kufanya kazi bila kunukuu. Kwa ajili ya hadhari nimeyaandika makala haya yote bila kunukuu hata mshororo mmoja wa mshairi yeyote, na msomaji atakuwa ameona upungufu wake. Nimemtaja Muyaka bila kumsikizisha, na nimemsifu Bhalo bila ushahidi wa neno lake hata moja. Ikiwa msomaji amehisi kiu mahali hapo, basi amekwisha kuonja uhakiki utakavyokuwa siku kila mhakiki atakapoandika kwa kuiogopa mashine. Wenye ujuzi kunipita katika sheria na katika ufundi wanisahihishe nilipokosea. Lakini katika swali la nani anukuu na nani aibe, naomba tusikubali kuwa kazi yetu imekwisha kupewa mwingine.